Digidigi na Chatu Aliyekula wa Mwisho

Mpo?

– Tupo!

Mpo wote?

– Wote, hata mwenye kikohozi!

Nianze?

– Anza, tutakufuata!

Nikipotea njiani?

– Tutakuita!

Nikinyamaza?

– Tutakufinya!

Haya, msinifinye kwanza. Sogeeni, ninyi wenyeji na sisi tuliokuja juzi, mkeka ni mmoja.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na nyika ikiitwa Sengele. Nyika ilikuwa na mto, mto ulikuwa na maji, na maji yalikuwa na wenyewe. Nyati alikunywa hapo. Pundamilia alikunywa hapo. Ngiri alikunywa, akaoga, akawaachia wenzake tope. Bibi Kobe alikunywa taratibu, funda moja asubuhi, funda la pili adhuhuri. Na kichakani, kando ya mto, aliishi Digidigi na mwanawe wa kike, Kidodi.

Digidigi mnamjua? Ni mdogo kuliko paa wote. Miguu yake kama vijiti vya mshikaki. Pua yake haitulii, inacheza huku, inacheza huku. Akiona kitu asichokielewa husema, "Zik! Zik! Zik!" kisha hukimbia, kisha hurudi kutazama alichokikimbia. Wenzake walimwita Mwoga.

"Mwoga, leo umeogopa nini?"

"Nimeogopa upepo, Mjomba Nyati. Haunuki mvua."

Wakacheka, ha, ha, ha, mpaka Ngiri akakaa chini.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Nyati akasema, "Tusubiri, masika itakuja." Wakasubiri. Masika haikuja. Nyati akasema, "Tusubiri, vuli itakuja." Wakasubiri. Vuli ikaja kwa siku moja, mvua moja, gharika! Ikabeba udongo, ikabeba vichaka, ikabeba watoto wawili wa Ngiri, ikaenda zake. Kesho yake jua likawaka kama vile hakujatokea kitu.

Kunguru alipita kutoka mbali, wakamuuliza, "Kunguru, mawingu yetu yamekwenda wapi?"

"Nimesikia kuna watu huko mbali wanawasha moto mchana na usiku," akasema Kunguru. "Moshi wao umeyavuruga majira."

"Lakini sisi hatukuwasha hata kijinga kimoja cha moto!"

"Sijasema ni ninyi," akasema Kunguru, akaruka.

Mto ukawa madimbwi. Madimbwi yakawa tope. Tope likakauka, likapasuka, pa! pa! pa! kama visigino visivyopakwa mafuta.

Sasa, Digidigi hana haja ya kwenda mtoni. Maji yake huyapata ndani ya majani. Ndiyo maana alijua mapema kuliko wote. Majani yalipoanza kulia kacha-kacha mdomoni, alimwendea Nyati.

"Mjomba, tuondoke."

"Tuondoke twende wapi? Mifupa ya babu zetu iko hapa."

"Na yetu je?"

Jumatano ndama wa Nyati akafa. Ijumaa akafa wa Pundamilia. Jumamosi asubuhi Nyati alisimama, akatazama mto, akaanza kutembea bila kumwambia mtu. Wote wakamfuata.

Walikwenda wapi? Walikwenda Bondeni. Bondeni ni nyuma ya milima, na ilisemekana kuna chemchemi zisizokauka. Nani alisema? Kila mmoja alisikia kwa mwenzake.

Wakaenda. Kwato zikalia, chwa, chwa, chwa. Bibi Kobe nyuma, koto... koto... koto. Wenzake walipokaa kivulini, yeye alikuwa bado anakuja. Wenzake walipoinuka, yeye ndiyo kwanza anafika, na hakai, anapitiliza. Digidigi alikuwa akirudi nyuma kila mara kumtazama. Mume wa Digidigi aliuawa na tai wakati Kidodi angali kichanga, na ni Bibi Kobe aliyemkinga mtoto kwa gamba lake ili mama apate kula.

"Bibi, umefika wapi?"

"Nimefika hapa nilipo, mwanangu. Nenda, usiniangalie mimi, angalia mtoto."

Siku ya tisa wakaifikia milima. Milima imesimama wima kama ukuta, huku jiwe, huku jiwe, na katikati pana upenyo mmoja tu, wa kupita mmoja mmoja, umepinda kama kiwiko. Unaitwa Mlango wa Jiwe.

Na mlangoni alilala Chatu.

Chatu gani! Tangu ukame uanze, makundi arobaini yalikuwa yamepita pale kutoka nyika zote, na kila kundi lilimwachia kitu. Alinenepa. Alirefuka. Alirefuka mpaka kichwa na mkia vikawa havijaonana tangu mwaka juzi. Alilaza kichwa mlangoni na mwili wake ukapotelea huko kwenye mawe, na aliimba kwa sauti nzuri, laini, kama mtu anayebembeleza mtoto:

*Piteni, piteni, sina neno nanyi,*
*Piteni, piteni, njia ni ya wote,*
*Wa mwisho tu ndiye wangu. Fssss.*

Walipofika, kundi la Nyumbu kutoka nyika nyingine ndilo lilikuwa linapita. Waliona kwa macho yao. Nyumbu walisukumana, wakakanyagana, mama akamruka mtoto, mtoto akamruka nyanya. Wa mwisho alikuwa Nyumbu mmoja mchechemeaji. Alisema, "Ngojeni, jamani, ngoj—" Chatu akainua kichwa. Gu, gu, gu, guduu! Kimya.

Hakuna Nyumbu aliyegeuka nyuma. Ukigeuka unachelewa, na ukichelewa unakuwa wa mwisho.

Chatu akajilamba. "Kwa leo nimeshiba," akasema. "Ninyi mtapita kesho jua likichomoza. Karibuni sana."

Basi mchana kutwa wakakaa pale juani, wakitazamana. Majirani wa miaka yote, waliokunywa mto mmoja! Ngiri akasema, "Jamani, mimi nina watoto wanne waliobaki." Pundamilia akasema, "Mimi nina mimba." Nyati akasema, "Mimi ndiye niliyewaleta." Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Wakaanza kusogea mbele kidogo kidogo, hatua moja, hatua moja, kila mmoja akijifanya anatafuta kivuli. Pundamilia akampiga Ngiri teke. Ngiri akamchana Pundamilia kwa jino lake refu.

Kisha macho yakaanza kutulia mahali pamoja. Hakuna aliyetaja jina.

Koto... koto... koto. Bibi Kobe alikuwa ndiyo anafika.

Akasimama. Akawatazama mmoja mmoja. "Naona mnanitazama," akasema.

Wakaangalia chini.

"Sawa. Mimi hata hivyo sijawahi kupita wa kwanza popote. Msipigane tena, watoto wanaona."

Wote wakashusha pumzi. Hata Digidigi alishusha pumzi. Sitaki kumpamba, alishusha pumzi, na alipojisikia akiishusha, aliona aibu mpaka masikio yakamlala.

Akajikunja kando ya Kidodi, lakini mwili haukutulia. Pua ikacheza huku, ikacheza huku. Akawaza, "Leo ni Bibi Kobe. Bibi Kobe akishaliwa, nani atakuwa wa mwisho? Mwenye miguu mifupi. Nani mwenye miguu mifupi? Kidodi wangu. Kukiwa na mlango mwingine mbele, ni Kidodi. Akiliwa Kidodi, ni mimi. Nikiliwa mimi, ni watoto wa Ngiri. Kumbe wa mwisho haishi!" Akainuka, akakaa, akainuka tena. "Zik!" akasema peke yake. "Zik! Zik!"

Alfajiri, wenzake walipokuwa wakijipanga, alimwendea Chatu. Miguu ilitetemeka, tete-tete-tete, mpaka kokoto zikalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, kijitu?"

"Naogopa, Mzee. Naogopa nisije nikaivunja sheria yako kwa kutoijua. Nisaidie niielewe. Wa kwako ni nani?"

"Wa mwisho kupita huu mlango."

"Hata akiwa mdogo?"

"Hata akiwa mdogo."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mkubwa."

"Hata akiwa mrefu, mnono, laini, ana madoadoa, amejaa mafuta pande zote?"

Chatu akameza mate. "Hasa huyo!"

"Na akilia? Akikupiga? Ukisikia maumivu hutamwachia?"

Chatu akacheka, fss, fss, fss. "Njoo uyaone meno yangu. Yote yametazama ndani. Kinachoingia hakitoki, hata mimi mwenyewe nikitaka. Naapa kwa magamba yangu, wa mwisho nikishamshika sijui kumwachia."

"Ahsante, Mzee. Sasa nimeelewa." Akarudi, tete-tete-tete.

Jua likachomoza. Chatu akaimba wimbo wake, na mlango ukawa wazi. Nyati akapita, chwa, chwa, chwa. Pundamilia akapita. Ngiri na watoto wake wanne wakapita, mikia juu. Vumbi likajaa mlangoni kama moshi wa kuni mbichi. Kidodi alitumwa apite katikati ya watoto wa Ngiri, akaambiwa asigeuke.

Wakabaki wawili. Bibi Kobe, na nyuma yake Digidigi.

"Mwanangu," Bibi Kobe akanong'ona, "umekosea nafasi yako. Pita mbele yangu."

"Tembea, Bibi. Tembea tu, usiniulize, nikizungumza nitalia."

Chatu akafungua kinywa. Kinywa kilikuwa chekundu na kipana kuliko mlango wenyewe. "Kijitu! Kumbe wewe ndiye! Nilitegemea mnene zaidi."

"Mimi si wa mwisho, Mzee." Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. "Wa mwisho yuko nyuma."

Chatu akaonja hewa kwa ulimi. "Nyuma simwoni mtu."

"Yuko nyuma yako, Mzee. Mrefu, mnono, madoadoa. Tangu jana namwona pale kwenye mawe. Lakini yule hapiti mpaka wewe utangulie. Ukisogea, naye husogea. Ukisimama, naye husimama. Tukipita sisi, ukapita wewe, atapita yeye. Hapo ndipo utampata."

"Unanidanganya."

"Nikikudanganya, sisi si tutakuwa mbele yako? Bibi huyu ana mbio gani?"

Chatu akamtazama Bibi Kobe. Akamtazama Digidigi, mfupa na ngozi. Akafikiria mnono, madoadoa, mafuta pande zote. Tumbo likanguruma, gurrr. "Haya, tangulieni," akasema. "Nikifika upande wa pili nisimwone, nawameza wote wawili, na yule mtoto uliyemficha kwa Ngiri pia. Ulidhani sikumwona?"

Digidigi akamsukuma Bibi Kobe kwa pua.

Wakaingia. Mlango ulikuwa mwembamba na vumbi tupu. Mbele Bibi Kobe, koto... koto. Katikati Digidigi. Nyuma Chatu, fssss, pumzi yake ya moto ikimpuliza Digidigi mapajani.

"Mbona polepole? Nina njaa."

"Anakuja, Mzee?"

"Nasikia kitu kinaburuzika huko nyuma. Kizito."

"Ndiye huyo."

Koto... koto... Pale penye kiwiko, gamba la Bibi Kobe likakwama kati ya mawe mawili. Kwaru! Akavuta. Kwaru! Halitoki.

"Niache, mwanangu. Nipande mgongoni, uruke uende."

"Siwezi, Bibi."

"Ruka, kuna mtoto!"

Digidigi alitazama mbele. Mwanga wa Bondeni ulikuwa pale, karibu kabisa, mruko mmoja. Nyuma ulimi wa Chatu ulimgusa kisigino, baridi. Akafumba macho, akaweka paji la uso kwenye gamba, akasukuma. Miguu ile ya vijiti ikasukuma! Kwaru, kwaru, kwaaaru, poo! Gamba likachomoka, Bibi Kobe akabiringika nje kama sufuria, na Digidigi akaanguka juu yake.

Chatu akatoa kichwa. "Yuko wapi?"

"Bado anapita, Mzee! Lizunguke hilo jiwe kubwa hapo nje, urudi umvizie hapa mlangoni kwa ubavu. Upesi, asije akakuona!"

Chatu akalizunguka jiwe. Kichwa kikarudi mlangoni, kikatulia. Vumbi la kwato lilikuwa bado limetanda. Macho yake hayakuona kitu, ila ulimi ulionja, na ulimi ukanusa nyumbu. Ukanusa swala. Ukanusa ngiri. Ukanusa wanono wote wa makundi arobaini. Na kweli, kutoka mlangoni kilitoka kitu kirefu, laini, chenye madoadoa, kinaburuzika taratibu, kinazidi kuwa chembamba, kinakaribia kwisha.

"Ndiye wa mwisho?" Chatu akanong'ona.

"Nyuma yake hayupo mwingine. Naapa, Mzee."

Chwap! Chatu akauma.

"Aaaaii! Ananiuma!" akasema kwa pua, maana kinywa kilikuwa kimejaa.

"Mkali huyo! Kaza, Mzee!"

Chatu akakaza. Maumivu yakazidi. Maumivu yalipozidi, hasira ikazidi. Hasira ilipozidi, akakaza tena. Gu, akameza. Gu, akameza. Alipozungukwa na mwili wake mwenyewe ndipo akaelewa, akataka kutema. Lakini meno yote yalitazama ndani. Gu. Gu. Akawa duara kulizunguka jiwe, kama pete ya kidole cha mtu mkubwa. Siku ya tatu hapakusikika tena fssss.

Walishangilia? Walishangilia kidogo. Pundamilia alimjia Bibi Kobe, akasimama mbele yake, kisha akaenda kula majani. Kidodi alinyonya mpaka akalala akiwa amesimama.

Na Nyati? Nyati alikwishakunywa kwenye chemchemi, na sasa amerudi kuusimamia mlango, amekaa kwa ubavu katikati ya njia. "Jamani," akasema, "nasikia kwato huko nyuma. Wanakuja wengine. Majani haya yanatutosha sisi tu. Tuzibe."

Digidigi akamwendea, bado anatetemeka. "Mjomba, mkia wako uko wapi?"

"Uko nyuma yangu. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu."

Nyati akamtazama Chatu, duara lile. Akaukusanya mkia wake taratibu, akaondoka mlangoni. Wakapita Twiga, wakapita Swala, wakapita wengine ambao hawakujua hata wamepita kwa nini bila kuliwa.

Ndipo wakaja wenyeji wa Bondeni, Kongoni, wamesimama safu.

"Mmetoka wapi?"

"Sengele."

"Sengele kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema Digidigi. "Ndiyo maana."

Kongoni wakanong'onezana. Mkubwa wao akasema, "Poleni na safari. Mtarudi lini?"

Digidigi akafungua mdomo. Nyati akakohoa. Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Basi kaeni pale ukingoni," akasema Kongoni, "mpaka tuone."

Wakakaa pale ukingoni. Wapo mpaka leo. Na kila asubuhi Kongoni mkubwa hupita, husalimia vizuri tu, kisha huuliza kama huko kwao mvua imeshanyesha.

Hadithi yangu imechoka, imekaa chini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitie chumvi.

– Na funzo lake?

Funzo lipo, nilitaka kulisahau. Funzo ni kwamba mvua zikikatika msihamehame ovyo, kaeni msubiri, wakubwa wanajua. Na jambo la pili ni kujitegemea. Kila mtu ale kilicho chake, asitamani cha mwenzake. Mtazameni Chatu: katika hadithi nzima, ni yeye peke yake aliyefanya hivyo.